Kibakuli Chini ya Wali

Mjukuu wangu Neema, ambaye siku hizi anawafundisha ninyi upishi, aliniomba niwaandikie mambo mawili matatu kuhusu kazi yangu. Nikamwambia mimi sikuwa mpishi. Wapishi walikuwa wengine, tena wakali, na wasingependa kusikia najipa cheo chao. Mimi nilipakua. Miaka ishirini na sita nilisimama nyuma ya dirisha dogo la hoteli moja pale Mirongo, Mwanza, upawa mkono wa kulia, sahani mkono wa kushoto, jasho likinitiririka mgongoni. Neema akacheka. "Bibi, siku hizi kuna mizani ya kupimia chakula, unabonyeza tu." Sawa. Bonyezeni. Lakini nisomeni kwanza.

Hoteli, kwetu, ilikuwa mahali pa kula, msifikirie vitanda na mashuka. Meza nane, mabenchi, kalenda ukutani, ndoo ya maji ya kunawa mlangoni. Mwenyewe alikuwa Mama Bhoke, mama wa Kikurya kutoka Musoma, mwenye sauti ya kufukuza ng'ombe shambani. Ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza alinipa sufuria la wali na sahani arobaini, akasema, "Pakua zote zilingane." Nilipofika sahani ya thelathini na mbili nikabaki nakwangua ukoko. Mama Bhoke hakunigombeza. Alichukua sahani nane tupu akazipanga mbele yangu, moja moja, akaniuliza kila moja nitampa nani njaa yake. Nililia. Kesho yake nilifika sahani ya thelathini na saba.

Tangu hapo nilijifunza kutazama mlango kuliko sufuria. Mtu anayeingia akitazama chini ana fedha ya nusu. Anayeingia akiongea amekula kwingine, amefuata watu. Mvuvi aliyetoka ziwani asubuhi usimwekee mchuzi juu ya wali, mwekee pembeni, maana anataka kwanza kitu kikavu kishike tumbo. Fundi wa baiskeli ana mafuta mikononi, mpe kijiko bila kuuliza. Hayo mizani haiyasemi.

Makosa nilifanya mengi. Siku moja waliingia mkwe na mkwewe, wa kutoka Ukerewe, wanapatana mahari. Mimi, kwa haraka zangu, kichwa cha sato nikampa kijana, mkia nikampa mzee. Mzee aliutazama ule mkia muda mrefu. Kisha akamwambia yule kijana taratibu, "Naona hapa mjini wameshakujua wewe ndiye mkubwa." Kijana alisimama na sahani yake akaja mbio dirishani, macho yamemtoka. Nilibadilisha, nikaongeza na mchuzi, nikaomba radhi mpaka nikapiga magoti. Walicheka baadaye. Nilisikia harusi ilifungwa, kwa hiyo sikumharibia mtu.

Kosa nililokaa kuliandika hapa halikuchekwa na mtu.

Lazima niwaeleze nyakati zilivyokuwa, maana ninyi mmezaliwa wakati madukani kumejaa vitu. Nilipoanza kazi tulikuwa bado kwenye shida. Mafuta ya kula yalikuwa ya kutafutwa, sukari ya kujuana. Sahani yetu ilikuwa ndogo na hakuna aliyelalamika, maana hata kuipata ilikuwa bahati. Halafu miaka ya tisini ikaingia, biashara ikafunguliwa, na kila kitu kikamwagika mjini kwa mpigo. Mafuta ya madumu ya njano. Mitumba. Soda za kila rangi. Viwanda vya samaki vikaota kando ya ziwa, minofu ya sangara ikawa inapanda ndege, na sisi tukajifunza kupika vichwa na mifupa iliyobaki. Waliopunguzwa kazi kwenye mashirika ya umma wakafungua vibanda vya chakula. Ng'ambo ya barabara pakafunguliwa hoteli nyingine, kisha ya tatu.

Mama Bhoke alikwenda kuwachungulia, akarudi amevimba. "Tereza, wale wanajaza. Kuanzia leo na sisi tunajaza."

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mlima. Mlima ulikuwa sahani ya wali wa Magu, umeshindiliwa kwenye bakuli kubwa na kupinduliwa, ukaongezwa upawa mmoja juu, na mwingine ubavuni, samaki akalazwa kileleni. Ukimaliza unaletewa nyongeza bure. Kuikataa nyongeza ilikuwa kumtukana mpishi. Watu walikuja kutoka sokoni, kutoka kivukoni, kutoka stendi, kuja kuushinda Mlima. Ndani ya miaka michache niliwaona wanaume niliowajua wembamba wakigeuka wanene mbele ya macho yangu, mashati yanaachia vifungo, na tulifurahi. Tulisema mambo yamewanyookea. Mwili ulikuwa barua ya utambulisho. Mtu mwenye kitambi alikopeshwa, alisikilizwa, alipewa kiti.

Na kulikuwa na Majaliwa. Majaliwa alikuwa mhudumu wetu, na koo lake lilikuwa spika. Hatukuandika oda. Mteja alimnong'oneza Majaliwa, Majaliwa akageuka akaitangazia hoteli nzima na nusu ya mtaa: "Mlima mmoja, sangara, mchuzi mwingiii!" Mwenye Mlima alikaa akajinyoosha. Lakini kama umeagiza nusu sahani, nayo aliitangaza vilevile: "Nusu moja, maharage!" Vichwa vyote viligeuka. Nusu ilikuwa chakula cha asiyenacho, au cha mgonjwa.

Na mgonjwa, miaka ile, wanangu, lilikuwa neno moja tu. Sina haja ya kulitaja. Lilikuwa limepita kila nyumba ya kandokando ya ziwa. Mtu akikonda watu walihesabu shingo yake. "Amekanyaga miwaya," walisema, na wakakiacha kiti alichokalia. Dawa za siku hizi hazikuwepo. Kulikuwa na kukonda, kisha kulikuwa na matanga.

Sasa niwaletee Mzee Shija.

Mzee Shija alikuwa mnunuzi wa pamba. Zamani alikuwa karani wa ushirika huko kwao Magu. Walipokuja wanunuzi binafsi, kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kilimpa kazi ya kukinunulia pamba vijijini. Mke na watoto walikuwa Magu, yeye alipanga vyumba viwili juu kwenye kilima cha mawe, nyuma ya Mirongo, na mchana na jioni alikula kwetu. Umri wake kama hamsini. Mnene hasa, mwenye shingo ya mikunjo mitatu na kicheko cha kutoka tumboni. Wakulima walimwamini kwa ule mwili. Walisema mtu aliyeshiba hivyo hana haja ya kupunja mizani.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia kila siku kupitia dirishani.

"Marahaba, binti yangu. Leo mlima una mawe?"

"Hauna, mzee. Nimeuchambua mwenyewe."

Siku moja alikuja saa tisa alasiri, watu wamekwisha, Majaliwa amelala kwenye benchi. Hakukaa mezani. Alikuja dirishani, akainama mpaka uso wake ukaingia kwangu jikoni. Alikuwa ametoka kwa daktari.

"Tereza, nina presha. Na sukari. Daktari amekunja ngumi yangu hii, akasema wali wangu usizidi hapa. Amesema nisipopunguza mwili, wanangu watanizika kabla hawajamaliza shule."

Nikamwambia, "Basi mzee, kuanzia kesho nakupa nusu."

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Majaliwa aitangaze? 'Nusu moja ya Mzee Shija'? Kabla jua halijazama habari itakuwa imefika Magu. Watasema nimefilisika, na wasiposema hivyo watasema lile jingine. Nani atanipa pamba yake?"

"Si ubakize tu, mzee."

"Mtu mzima abakize nusu ya Mlima mbele ya watu? Watasema hamu ya chakula imekwisha. Unajua ni nani huishiwa hamu ya chakula."

Nilijua. Wote tulijua. Tukabaki, mimi na yeye, tukilitazama sufuria. Halafu mimi, kwa ujanja wa miaka yangu dirishani, nikapata jibu. Nalisimulia kwa fahari kidogo, mnisamehe, maana ndiyo kazi nzuri kuliko zote niliyofanya.

Nilileta kutoka nyumbani kibakuli cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliobanduka upande mmoja. Nilikileta cha kwangu ili hesabu ya vyombo vya Mama Bhoke isipungue. Nikakifunika katikati ya sahani. Sahani iwe imelowana kidogo, bakuli lisiteleze. Wali unauzungusha kwa mgongo wa upawa, unaukandamiza, juu unaacha tabaka jembamba. Mchuzi usimwage juu, utazama na bati litaonekana. Mwekee pembeni kwenye kibakuli kingine. Samaki juu, alale vizuri, afunike siri. Ukimaliza una Mlima ambao ndani ni hewa tupu.

Mzee Shija alikaa meza ya kona, mgongo kwa watu. Majaliwa alitangaza, "Mlima wa Mzee Shijaaa!" Alikula akizunguka pembeni. Alipofika katikati, kijiko kiligonga bati. Mlio mdogo tu, mwembamba, ambao katika kelele za hoteli tuliusikia wawili. Hapo aliacha. Aliweka miiba juu ya tabaka lililobaki, akanawa, akajipapasa tumbo, akamwambia Majaliwa nyongeza aipeleke kwa yule kijana wa benchi la ukutani, maana yeye ameshindwa. Watu wakacheka. Sahani chafu zilirudi dirishani kwangu, mimi ndiye niliyekung'uta mabaki kwenye ndoo. Nilikiosha kibakuli mwenyewe, nikakificha chini ya magunia ya chumvi.

Tulifanya hivyo miezi mitano au sita. Mkanda wake ulitobolewa tundu jipya, kisha jingine. Alinisimulia dirishani kwa sauti ya mtoto aliyefaulu mtihani kwamba amepanda mawe mpaka nyumbani kwake bila kupumzika, kwamba daktari amempa mkono. "Bakuli lako, Tereza," alisema, "ni daktari wa pili." Nilikwenda nyumbani siku hiyo natembea kama nimepandishwa cheo.

Nilikuwa nimeisahau ile barua ya utambulisho.

Maneno yalianza mezani kwa wapiga soga. Kwamba Mzee Shija anakula Mlima mzima mara mbili kwa siku, na bado anaisha. Mkiangalia, ujanja wangu ndio uliommaliza. Kama angekula nusu, wangesema hana fedha. Lakini mtu anayekula vile na kukonda vile, watu hawakuwa na jibu jingine. "Chakula kinaingia, hakikai," alisema mmoja, na wengine wakatikisa vichwa. Meza ya kona ikawa yake peke yake. Kiwanda kikampeleka mtu mwingine kwenye vijiji viwili vya Magu, eti amsaidie. Na wateja wawili walikwenda kwa Mama Bhoke kuuliza vikombe vinaoshwaje.

Mama Bhoke aliniita uani. Hakuwa mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Alikuwa amezika wadogo zake wawili. "Tereza, sina ugomvi na Mzee Shija. Lakini wateja wanahamia ng'ambo. Mtengee kikombe. Kile chekundu cha plastiki. Asijue."

Nilipaswa kusema pale pale, "Mama, huyu hana ugonjwa huo, ana presha, na anakula wali wa ngumi moja." Maneno kumi na matatu tu, nimeyahesabu mara nyingi. Sikusema. Nilikuwa nimeahidi siri, hilo kweli. Lakini nawaambia ukweli wote: niliogopa pia kazi yangu. Mteja alilipa Mlima, akala nusu, na mimi nikiendesha mchezo jikoni kwa mwenyewe bila ruhusa. Watoto wangu walikuwa watatu na baba yao alikuwa ameshaondoka. Kwa hiyo nilitenga kikombe chekundu. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Usiku na mchana niliwaza. Nikaona nimepata jibu tena. Si nilikuwa hodari wa majibu? Nikasema moyoni, kama akinenepa kidogo tu, mashavu yakarudi, watu watanyamaza. Mwezi mmoja. Akisharudisha jina lake, tutarudisha bakuli. Jumatano nilikifunga kibakuli kwenye kanga nikakirudisha nyumbani, na mchana nikampakulia Mzee Shija Mlima wa kweli, wali mtupu, chini mpaka juu.

Sikumwambia. Mnaelewa? Alikuja dirishani, "Shikamoo, mzee," "Marahaba, binti yangu," na sikumwambia. Nilijua angekataa, na nilikuwa nimeshaamua kwa niaba yake.

Nilimtazama akila. Alikula pembeni kama kawaida, akaingia ndani, akaingia tena. Kijiko kiligonga, lakini mlio ulikuwa mwingine, mzito, wa sahani ya udongo. Alisimamisha mkono. Akageuka, akanitazama mimi dirishani. Nikainamia sufuria nikajifanya nakwangua.

Nilipoinua kichwa alikuwa anakula. Alikula taratibu, bila kupumzika, mpaka punje ya mwisho. Majaliwa alipoleta nyongeza, akaila nayo. Watu wa meza ya kati wakapiga makofi. "Mzee amerudi mjini!"

Akala hivyo kila siku, mchana na jioni. Mimi nikafurahi, Mungu anisamehe. Mashavu yalirudi. Mikunjo ya shingo ikarudi mmoja mmoja. Watu wakarudi meza ya kona, soga zikahamia kwa mtu mwingine, mmoja wa wale wateja waliouliza habari za vikombe akamnunulia soda. Jambo moja tu lilibadilika: hakuinama tena dirishani. Alinisalimia akiwa mbali, akaenda kukaa. Nikadhani ni shughuli za msimu wa pamba.

Mwezi ulipita na sikulirudisha bakuli. Niliona mambo yanakwenda vizuri, nikajiambia wiki ijayo. Katika wiki hiyo ijayo Mzee Shija alivuka ziwa kwenda kutazama pamba upande wa Sengerema. Alishuka pale Kamanga, akapiga hatua chache kutoka kwenye kivuko, akaanguka. Ilikuwa kiharusi. Majaliwa ndiye aliyetuletea habari, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini.

Neema, aliyesoma, ananiambia, "Bibi, presha ilikuwa ya miaka. Wali wa wiki sita peke yake haumwangushi mtu." Namshukuru. Huenda ni kweli. Lakini nilimwona mtu anapanda mawe bila kupumzika, na mimi ndiye niliyemshusha.

Sikwenda kumwona. Kutoka Mwanza mpaka Magu si safari, ni asubuhi moja, na ilinichukua miaka miwili. Nilijipa sababu zote mnazozijua. Mwishowe nilikwenda na kilo tano za mchele, kama mjinga, mchele kuupeleka Magu, na sato wawili waliokaushwa.

Nilimkuta amekaa barazani, mkono wa kulia umelala mapajani. Amekonda, safari hii kwa kweli. Mkewe, Mama Mhoja, alinikaribisha vizuri mno. Nilipomtajia jina langu alimgeukia mumewe, kisha akanigeukia mimi.

"Ndiwe Tereza wa dirishani?"

"Ndiye mimi, mama."

Akavuta kigoda akakaa. "Nikuulize, mwenzangu, wala sina ubaya. Alinisimulia habari za bakuli. Alisema wewe peke yako mjini ulijua hana ule ugonjwa. Halafu wakamtengea kikombe. Alikivumilia. Akasema, wao hawajui, Tereza anajua. Siku mbili baadaye bakuli likatoweka. Akaniambia, 'Mama Mhoja, hata Tereza ananiogopa. Amelionea kinyaa bakuli lake kwa sababu yangu.' Ndipo akaanza kula. Nilimsihi aache. Alisema, acha nile wanione, kama hata yule haniamini."

Nilitaka ardhi inimeze. Miaka miwili nilikuwa nimejitayarisha kuomba radhi kwa kosa la wali, kumbe kosa lilikuwa jingine kabisa, na sikuwa nimelijua. Nilidhani nalinda jina lake kwa watu. Jina alilotaka lisiharibike lilikuwa lile lililobaki kwangu.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. "Mzee, sikukuogopa. Lile bakuli nililipeleka nyumbani. Watoto wangu wanalinywea uji. Hata leo asubuhi mdogo amelinywea. Nililiondoa ili unenepe, watu wanyamaze. Nilidhani nakusaidia."

Aliniangalia. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelala, mwingine ukaanza kutikisika, nikaogopa kwamba namletea tena ugonjwa. Kumbe alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka jicho moja.

"Watoto... wanalinywea?"

"Ndiyo, mzee. Wanaligombania."

Akacheka tena. Kisha akatafuta maneno muda mrefu, Mama Mhoja amemwinamia kumsaidia, akamzuia kwa mkono mzima. Alitaka kusema mwenyewe.

"Unge... niuliza."

Nilimwahidi nitarudi na bakuli. Nilimwahidi nitampakulia mimi mwenyewe, Mlima wa hewa, pale pale barazani. Niliporudi mjini nilikuta Mama Bhoke anaumwa na hoteli iko mikononi mwangu, mwezi ukapita, mvua zikaanza, na Majaliwa akaleta habari nyingine. Nilikwenda Magu kwenye msiba. Kibakuli nilikichukua kwenye mkoba, sijui kwa nini. Nilikaa na akina mama, mkoba nimeukumbatia, nikarudi nao.

Ninyi mnaokwenda kupakua, mambo yenu ni mepesi kuliko yetu, na nafurahi. Nawaona wasichana wa maofisini wanaagiza kwa sauti, "Kaka, ugali kidogo, mboga nyingi, mafuta usiweke," na hakuna kichwa kinachogeuka. Lakini bado yupo atakayekuja saa tisa watu wamekwisha. Mtamjua, anainama dirishani. Mpeni anachoomba, kiasi anachoomba. Kesho yake mkiona kimemletea matatizo, msimkatie shauri huko jikoni. Mwiteni, mmuulize.

Mwaka juzi daktari alinikunja ngumi yangu mwenyewe. Sukari. Neema ameniletea mizani ndogo ya kubonyeza, iko kabatini na plastiki yake. Mimi natumia kibakuli. Ukingo wa buluu umekwisha wote. Nakifunika kwenye sahani, nazungushia wali, naweka samaki juu, nakaa peke yangu mezani na kula pembeni. Kijiko kikigonga bati, nakiweka chini. Halafu nasema kwa sauti, majirani wamezoea, swali fupi ambalo siku ile, yeye akinitazama na mimi nimeinamia sufuria, lilikuwa mdomoni nikalimeza:

"Mzee, leo nimeliondoa bakuli. Nilirudishe?"